Mtaa una mambo 23, fedha zinatosha 2: jinsi ya kuwauliza wakazi wanachotanguliza

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha wakazi katika wadi ya Kaptembwo, Nakuru. Msimamizi wa wadi ametuomba tumpelekee, kabla ya mwisho wa Agosti, miradi ambayo wakazi wangependa kaunti iitangulize katika mtaa wetu. Mwaka jana tuliitisha mkutano mmoja, wakaja watu wapatao 40, tukaandika orodha ya mambo 23, na hakuna hata moja lililotekelezwa. Sasa wakazi wanasema hawaji tena. Tuwaulizeje ili majibu yawe ya mtaa mzima, na ili kaunti isiweze kuyaweka kando kwa urahisi?

Jibu: Bi. Katibu, nitaanza na orodha yenu ya mwaka jana, kwa kuwa ndani yake kuna nusu ya jibu. Mambo 23 hayawezi kuwa vipaumbele. Ni madai, na pengine kila dai lina haki yake, lakini afisa wa mipango anayepokea karatasi yenye mambo 23 huku akiwa na fedha za mambo 2 au 3 hana njia ila kuchagua mwenyewe. Naye atachagua lililo jepesi kutekeleza, au lile ambalo mwakilishi wadi, yaani mjumbe wenu katika bunge la kaunti, alikwisha kuliahidi, au hatachagua lolote, aende kwa mtaa wa jirani uliomletea jambo moja lililoiva. Kazi ya kuchagua, ambayo mlidhani mmeifanya, mliirudisha ofisini bila kujua. Sisemi hivyo kuwalaumu, maana ndivyo vikao vingi vya kutoa maoni vinavyoendeshwa: afisa anasimama chini ya hema, anauliza "Mnataka nini?", watu wanataja, karani anaandika, soda zinagawiwa, watu wanatawanyika.

Kuhusu wale watu 40, fanya hesabu hii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, na kaunti ina wadi 55, kwa hiyo wastani ni zaidi ya watu 39,000 kwa wadi. Watu 40 ni kama mtu 1 kwa kila 1,000. Uchache peke yake haungenisumbua sana kama hao 40 wangefanana na mtaa. Lakini lifungue daftari la mahudhurio ulitazame tena. Nahisi utakuta wenye ploti, wazee wa mtaa, watu waliozoea mikutano na wachache wanaotarajia kugombea kiti, ilhali mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa Kaptembwo, utamtafuta sana.

Kabla ya kuwauliza wakazi jambo jipya, wajibuni la zamani. Mwendee msimamizi wa wadi na ile orodha ya mambo 23, umwombe aeleze, jambo moja baada ya jingine, lilifika wapi: lililoingia katika mpango wa kaunti, lililokataliwa na kwa nini, lisilo la kaunti kabisa, na lile ambalo hakuna aliyelisoma. Akisitasita, andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la habari, nayo inatokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Majibu hayo, hata yakiwa machungu, yabandikeni ubaoni na kuyasoma kanisani, msikitini na kwenye kituo cha bodaboda. Mtu aliyekuja mwaka jana akapuuzwa hawezi kuvutwa na tangazo jingine la mkutano. Huenda akavutwa na habari kwamba kuna waliolifuatilia neno lake.

Majibu hayo pia yatawaonyesha jambo ambalo vikao vingi huliruka, yaani nani mwenye mamlaka juu ya nini. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti inashughulikia barabara za kaunti, taa za mitaani, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, uzoaji wa taka, masoko, zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Polisi, shule za msingi na za sekondari na barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu. Katika orodha za mitaa ambazo nimewahi kupitia, sehemu kubwa ilikuwa ya vitu ambavyo kaunti haina ruhusa ya kuvijenga: kituo cha polisi, darasa la shule ya msingi, matuta kwenye barabara kuu. Havifai kutupwa, ila viandikwe kwenye karatasi yao na kupelekwa kwa wenyewe, vikiwamo vile vinavyomhusu mbunge. Mabomba ya maji nayo yana njia yake. Kampuni ya maji ya Nakuru ni ya kaunti, lakini ina mipango na wahandisi wake, na ombi lililopelekwa kwa msimamizi wa wadi peke yake linaweza kukaa miezi kadhaa bila kumfikia mhandisi wa maji.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako, yaani namna ya kuuliza. Swali la "Mnataka nini?" halina gharama kwa anayejibu, na ndiyo sababu halina thamani kwa anayesikiliza. Mtu akiulizwa hivyo atataja kila kinachomuuma, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Swali la mashauriano ni jingine: "Kaunti ikiwa na fedha za jambo moja tu hapa kwetu mwaka huu, liwe lipi, na katika haya mengine, lipi mko tayari lisubiri?" Sehemu ya pili ndiyo nzito. Mkazi anayesema yuko tayari taa zisubiri ili mtaro uchimbwe amewaambia kitu ambacho afisa hawezi kukijua akiwa ofisini, na ambacho mwanasiasa hawezi kukidai kwa jina lake. Kuwashauri wakazi, kwa maoni yangu, ni kuwaweka mbele ya uchaguzi mgumu wakiwa na habari kamili, na kuukubali watakaouchagua hata kama si ule ambao kamati yenu ingeupenda.

Habari kamili maana yake ni bei. Kabla ya kikao, mwombeni mhandisi wa kaunti ndogo makadirio ya jumla: kilomita moja ya mtaro uliojengwa kwa mawe, kilomita moja ya barabara ya murramu, mlingoti mmoja wa mulika mwizi (taa ndefu ya kumulika mtaa usiku), choo cha umma sokoni, chumba kimoja cha chekechea. Hata makadirio yasiyo sahihi kabisa yanabadilisha mazungumzo. Watu wengi hawajui kwamba barabara ya lami wanayoidai kila mwaka ingeweza kumeza mgao wote wa wadi, wala kwamba kitu kidogo kama kivuko cha wapita kwa miguu kinaweza kulipiwa na salio la mradi mwingine. Pamoja na bei ya kujenga, ulizeni bei ya kutunza. Mulika mwizi ni mfano tunaoujua sote: mlingoti unasimamishwa kwa mbwembwe, mtaa unang'aa miezi michache, kisha taa zinaungua au bili ya umeme inakosa mwenyewe, na mlingoti unabaki kuwa sehemu ya kubandika mabango ya kampeni. Katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kampuni ya maji iliuza maji kwa jumla kwa vikundi vilivyosimamia laini za mtaani, vikayauza kwa wakazi na kuyatunza mabomba. Haukuwa mpango usio na kasoro, lakini swali la nani atatunza liliulizwa kabla ya bomba kufukiwa, na hilo pekee ni nadra.

Niruhusu nikiri kosa langu mwenyewe. Kabla ya ugatuzi nilikuwa afisa mdogo wa mipango katika baraza moja la mji upande wa magharibi. Wakati huo serikali za mitaa zilipata asilimia 5 ya kodi ya mapato kupitia hazina iliyoundwa na sheria ya 1998, na ili zipate fedha hizo kikamilifu zilitakiwa kuonyesha kwamba wakazi walishauriwa kuhusu miradi, katika mpango uliojulikana kama LASDAP. Niliitisha mkutano siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, katika uwanja wa chifu. Walikuja wanaume wengi wenye muda, wakachagua ukumbi wa kijamii, nami nikaandika kwamba wakazi wamekubaliana. Ukumbi ulijengwa. Baada ya miaka miwili nilipita pale nikaukuta umefungwa kwa kufuli, umejaa mifuko ya saruji ya mtu. Na kwenye kijito kilichokuwa mita mia tatu tu kutoka hapo wanawake walikuwa wamevua viatu, wamebeba ndoo na watoto, wanavuka juu ya gogo. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini hawakuomba daraja. Akaniuliza mkutano ulikuwa siku gani, nami nilipomjibu akasema, "Jumatano ni siku ya soko."

Tangu siku hiyo sijaamini kikao kimoja cha hadhara, hata kikijaa. Kikao cha hadhara ni mahali pa kuthibitisha, si mahali pa kuvumbua. Uvumbuzi hufanyika kabla, kwa kuwafuata watu waliko. Kwa mtaa kama wenu ningependekeza wiki tatu za kazi ya miguu. Gaweni eneo katika vipande ambavyo wakazi wenyewe wanavitambua, kwa majina wanayoyatumia, si kwa mistari ya ramani ya uchaguzi. Katika kila kipande chagueni ploti kwa kuruka, tuseme kila ploti ya kumi, na katika kila ploti zungumzeni na mlango mmoja wa mpangaji, bila kujali kama mwenye ploti anaishi humo. Nendeni jioni au Jumapili alasiri, wakati watu wamerudi kutoka kazini. Wasikilizeni wanawake kwenye sehemu ya kuteka maji bila wanaume kuwapo, na waendesha bodaboda kwenye kituo chao, kwa sababu hao wanajua kila shimo la barabara kuliko mhandisi yeyote. Kikundi cha WhatsApp kitumieni kutangaza tu. Kina watu wenye simu nzuri na bando, na wenye maneno mengi huwanyamazisha wengine humo kuliko hata katika baraza.

Suala la wapangaji nitalikazia, kwa kuwa hapo ndipo masilahi yanapogongana na watu wenye adabu hawapendi kulisema. Mwenye ploti atanufaika na barabara ya lami, kwa kuwa thamani ya ploti yake itapanda. Mpangaji anaweza kuipenda barabara hiyo hiyo hadi siku atakapoongezewa kodi. Mpangaji atataka choo safi kisichoshirikiwa na milango ishirini. Mwenye ploti atakiona choo hicho kama nafasi ambayo ingejengwa vyumba viwili. Wote ni wakazi na wote wanalipa ushuru wa namna moja au nyingine. Kamati yenu haina budi kuandika majibu ya makundi haya mawili kando kando, na kuangalia wapi yanakutana. Mara nyingi yanakutana kwenye maji ya mvua. Udongo wa Nakuru ni wa volkano, mwepesi, mvua kubwa huuchimbua na kuacha nyufa na mashimo. Maji yanayokosa mtaro huingia vyumbani, huyachafua mashimo ya vyoo, na hatimaye huteremka kuelekea Ziwa Nakuru yakiwa yamebeba uchafu wetu sote. Siwachagulii mtaro. Nasema tu kwamba jambo ambalo wapangaji na wenye ploti wanakubaliana kulilipia ni jambo gumu sana kwa kaunti kulipuuza.

Matembezi nayo yana faida yake. Siku moja baada ya mvua, mwalike msimamizi wa wadi na afisa wa kazi za umma watembee nanyi saa mbili tu, pamoja na mzee mmoja, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mtu anayetumia kiti cha magurudumu au mkongojo. Karatasi haiwezi kumwonyesha mhandisi mahali ambapo kiti cha magurudumu kinakwama.

Mkishapata picha hiyo, punguzeni mambo hadi matano au sita ambayo ni ya kaunti na yana bei, ndipo muitishe kikao cha kuchagua. Kura ya kunyoosha mikono siipendi. Inawapa nguvu wenye sauti na inawatia haya wanaokodi nyumba kwa jirani yao. Tumieni maharagwe. Kila mkazi apewe punje 10, na mbele yake pawe na mikebe sita yenye picha za miradi na bei zake, nyuma ya pazia. Anaweza kutia punje zote kwenye mkebe mmoja au kuzigawa. Mtu asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu, na mnachopata mwishoni ni zaidi ya mshindi: mnaona uzito wa kila jambo. Mradi uliopata punje mbili mbili kutoka kwa karibu kila mtu si sawa na ule uliopata punje kumi kumi kutoka kwa watu wa kona moja, hata kama jumla zinalingana, na kwa sababu hiyo ni vizuri wahesabuji waandike pia ni watu wangapi waliogusa kila mkebe. Kwa kuwa kura ni ya siri, wekeni mkebe wa wanawake na wa wanaume wenye rangi tofauti, au punje za aina mbili, ili tofauti ionekane bila kumtaja mtu.

Hatari moja ya kura ya pamoja ni kwamba kipande kilicho karibu na uwanja wa mkutano hushinda daima. Kaunti ya Makueni, ambayo hutajwa mara nyingi nchini kwa ushirikishaji wa wananchi, ilijenga ngazi: watu wanaanza kujadili kijijini, kisha kwenye kundi la vijiji, kisha wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo na kaunti, na kila ngazi inawatuma wajumbe waliochaguliwa kwenda ngazi ya juu. Nyinyi hamna haja ya ngazi zote hizo, lakini fanyeni kura katika kila kipande, kisha wajumbe wawili wa kila kipande, mwanamke na mwanamume, wakutane kulinganisha matokeo. Wajumbe hao wasiwe wote wa kabila moja wala wa chama kimoja. Hili nalisema waziwazi kwa sababu Nakuru tunaijua: walioshuhudia vurugu za baada ya uchaguzi za Januari 2008 hawahitaji kuelezwa jinsi mgao wa kitu kidogo unavyoweza kusomwa kama mgao wa watu. Kamati inayofanana na mtaa inapunguza manung'uniko kabla hayajazaliwa, na matokeo yaliyohesabiwa mbele ya macho ya wote hayaachi nafasi kubwa kwa uvumi.

Vilevile wingi wa kura si kipimo cha haki peke yake. Wenye ulemavu, wazee wanaoishi peke yao na familia zilizo kwenye kona isiyofikika hawatashinda kura yoyote. Tengeni nafasi moja katika mapendekezo yenu kwa ajili ya jambo dogo la watu wachache wenye shida kubwa, na mkubaliane juu ya nafasi hiyo kabla ya kura, ili lisionekane kuwa ni upendeleo baadaye.

Kabla ya kuandika jina la mradi wowote, ulizeni kuhusu ardhi. Nimeona miradi iliyopitishwa, ikatengewa fedha, na ikakwama kwa sababu kiwanja kilichodhaniwa kuwa cha umma kilikuwa na hati ya mtu, au hifadhi ya barabara ilikuwa imejengwa vibanda. Mradi unaohitaji kiwanja ambacho hakipo ni ndoto, hata ukipata maharagwe yote ya mtaa. Mitaro na taa zina faida hapo, kwa kuwa hufuata barabara iliyopo. Ila wenye vibanda vilivyo juu ya njia ya mtaro washirikishwe mapema, wasije wakajua habari hiyo siku tingatinga linapofika.

Kuhusu wakati, msimamizi wa wadi amewatendea wema kwa kutaja mwisho wa Agosti, na nadhani wengi hawaelewi kwa nini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mpango huo ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Waraka wa mkakati wa fedha unafuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wakazi wengi huitwa kutoa maoni wakati wa makadirio, mwezi wa Mei, na hapo mlango umekwisha kufungwa kwa sehemu kubwa: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema wazi kwamba fedha za umma haziwezi kutengwa nje ya mpango ulioidhinishwa. Mradi usiokuwa katika mpango wa Septemba unaingia katika bajeti ya Aprili kwa bahati au kwa mgongo wa mtu. Juu ya mipango ya mwaka kuna mpango jumuishi wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na kila mradi wenu ukiweza kuonyeshwa kwamba unatokana na ukurasa fulani wa mpango huo, afisa atapata sababu ya kuukubali bila kuomba ruhusa ya mtu. Maandalizi ya mpango utakaofuata ni nafasi yenu kubwa zaidi. Matokeo ya maharagwe ya mwaka huu msiyatupe, mtayahitaji tena.

Andiko lenyewe liwe fupi. Ukurasa mmoja au miwili: mradi wa kwanza, wa pili, na ule wa watu wachache, mahali hasa ulipo kwa alama ambazo mgeni anaweza kuzifuata, idadi ya ploti zitakazonufaika, makadirio ya gharama na nani aliyeyatoa, hali ya ardhi, nani atatunza, na jinsi mlivyowauliza wakazi, pamoja na idadi ya waliohojiwa, wanawake na wanaume, wapangaji na wenye ploti. Andikeni pia waliopinga na sababu zao. Andiko linalokiri kwamba theluthi moja ya watu walitaka jambo jingine linaaminika kuliko linalodai kwamba mtaa mzima ulisema kwa sauti moja, kwa kuwa hakuna mtaa wa namna hiyo.

Mwakilishi wadi msimruke. Wapo wanaoamini kwamba ushiriki wa umma ni njia ya kumzunguka mwanasiasa, na katika hali chache huenda wana haki, lakini ndiye atakayeketi bungeni bajeti ikijadiliwa, na akihisi ameaibishwa anaweza kuua jambo zuri kwa kunyamaza tu. Mwalikeni kwenye kuhesabu maharagwe, si kwenye kampeni yake kabla ya kuhesabu. Asimame aone, kisha apewe nafasi ya kusema atafanya nini na matokeo.

Nisiwadanganye kuhusu nguvu ya sheria. Kaunti hailazimiki kujenga kila wakazi wanachokichagua. Inalazimika kuwashirikisha kwa namna yenye maana, na kifungu cha 201 cha Katiba kinaitaja hiyo kuwa kanuni ya fedha za umma. Mahakama zimelichukulia hilo kwa uzito: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Lakini mahakama haichimbi mitaro, na kesi hula muda na fedha ambazo chama chenu hakina. Silaha yenu ya karibu ni kufuatilia. Mpango wa mwaka unatakiwa kuchapishwa ndani ya siku saba baada ya kuwasilishwa bungeni. Utafuteni, mtazame kama mradi wenu umo, kwa jina gani na kwa kiasi gani, maana wakati mwingine mtaro wa mtaa fulani hugeuka kuwa "ukarabati wa mitaro katika wadi", maneno ambayo yanaweza kuishia popote. Ukiwa haumo, andikeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mkazi, nayo mamlaka husika ina wajibu wa kujibu. Upo pia mwanya wa Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo gavana huliongoza na ambamo wamo wawakilishi wa wanawake, wenye ulemavu, wafanyabiashara, wataalamu na makundi ya kidini. Tafuteni ni nani anayekaa humo kwa niaba ya watu wanaofanana nanyi, mmpelekee nakala.

Neno la mwisho ni dogo, lakini limeziokoa kamati nyingi. Chapisheni andiko katika nakala tatu. Moja ibaki kwa msimamizi wa wadi, ya pili kwa karani wa bunge la kaunti, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe katika ofisi zote mbili, kisha irudi nawe. Hiyo ya tatu isikae kwenye kabati la mwenyekiti. Ipigeni picha, na ibandikwe kwenye ule ubao mlikobandika majibu ya orodha ya mambo 23.